UZI: Mshipi wa tandiko unapomuumiza farasi – chanzo, kinga na matibabu

Kidari_Njoro

Salamu wakuu wa Nakuru, Gilgil, Eldoret, Kisumu na kwingineko. Uzi huu ni wa mshipi wa tandiko peke yake, ule unaopita chini ya kidari kulishika tandiko lisizunguke. Kwenye nyuzi za tandiko na za kwato hutajwa kwa mstari mmoja tu, na huku farasi wengi wanaopandwa pande zetu wana alama nyuma ya kiwiko: manyoya yamekatika, ngozi imekauka kama gamba, au manyoya meupe yameota pahali ambapo hayakuwepo. Hayo meupe yanaonyesha jeraha lilishapita hapo likaua rangi kwenye shina. Mara nyingi hayarudi kuwa kama zamani.

Nianze na kosa ninaloliona kubwa kuliko yote. Farasi akilaza masikio, akageuza shingo kutaka kuuma, akapiga mguu chini au akakaza tumbo mara tu mshipi unapoguswa, utasikia "huyu ana madharau", kisha anapigwa goti la tumbo ili "atoe pumzi". Hajajaza pumzi. Amekaza misuli ya kiwiliwili kwa kuwa anajua kinachokuja kitauma. Goti linamwongezea sababu ya pili.

Kwa hiyo mpime kwanza akiwa hana chochote mgongoni. Weka kiganja begani ajue upo, ukishushe taratibu hadi nyuma ya kiwiko. Kisha kwa ncha za vidole vitatu bonyeza kutoka mbavuni kwenda chini hadi katikati ya kidari, kila baada ya inchi moja hivi. Nguvu iwe ile ya kubonyeza embe ujue kama limeiva. Rudia upande wa pili, na macho yako yawe usoni kwake zaidi ya mkononi kwako: jicho linakaza, pua inajikunja, ngozi inaruka.

Akishtuka mahali pamoja, upande mmoja, tatizo liko hapo hapo: mchubuko, kupe, jipu au ubavu ulioumia. Akishtuka pande zote mbili hata kwa mguso mwepesi, fikiria tumbo au mgongo. Akitulia kabisa lakini akaanza fujo anapoona tandiko likija, basi tandiko lenyewe linamuuma au anakumbuka maumivu ya zamani.

Mwisho wa kipimo, inua mguu wa mbele, washa taa ya simu, tazama mkunjo wa kwapa. Fungua ngozi kwa vidole viwili. Utashangaa yanayokaa humo: chumvi ya jasho iliyoganda, mbegu za nyasi, kupe wadogo kama punje ya ufuta.

VumbiLaGilgil

Ahsante mzee. Naongeza kuhusu uchafu, maana huku kwetu ndio chanzo namba moja cha michubuko.

Jasho la farasi lina chumvi nyingi. Likikaukia kwenye manyoya linaacha vichembe vyeupe. Changanya na vumbi la huku kwetu, hasa karibu na Kariandusi panapochimbwa diatomaiti, upate msasa kamili. Udongo ule ni mabaki ya viumbe wadogo wenye maganda ya silika, ndiyo maana hutumika hata kung'arishia vyuma. Weka msasa huo kati ya ngozi na mkanda, mtu wa kilo 70 akae juu, farasi atembee saa mbili.

Utaratibu unaofaa:

Kabla ya kutandika, brashi ya mpira kwa mizunguko midogo kuanzia begani hadi nyuma ya kiwiko, halafu brashi laini kufuata manyoya yanavyolala, halafu pitisha kiganja kitupu. Kiganja ndicho kinachotoa ruhusa ya kutandika. Ukihisi chembe hata moja, rudia.

Baada ya kazi, sponji na maji safi eneo lote la mshipi na kwapani, kisha kausha kwa kitambaa. Usimwachie jasho likauke lenyewe ukidhani utalipangusa kesho.

Na mshipi pia uoshwe! Watu wanamsugua farasi mpaka anang'aa, halafu wanamfunga mshipi uliokakamaa kwa jasho la wiki mbili. Ukiukunja ukasikia unalia kama karatasi, ndio huo uliomchubua.

Akinyi_Dunga

Mimi ni wa Kisumu. Vumbi si tatizo sana, tatizo ni joto na unyevu. Mshipi wa mpira laini ule wa sponji jasho linabaki chini yake, ngozi inakuwa mbichi kama kidole kilichokaa majini. Mnashauri nini? Halafu kuna mmoja ametokwa na mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya pale pale mshipi unapopita. Ni mchubuko kweli?

FundiNgozi_Ksm

Dada Akinyi, la mabaka tumwachie daktari, mimi niseme la mshipi wenyewe.

Mpira wa sponji una sifa moja nzuri: unaoshwa kwa bomba na kukauka haraka. Lakini hauvuti jasho wala haupitishi hewa. Kwa joto la ziwani, kazi ikizidi nusu saa, ngozi chini yake inapikika. Na kwa kuwa unang'ang'ania manyoya, tandiko likicheza kidogo mshipi haufuati, unavuta ngozi. Ukilazimika kuutumia, uvalishe mfuko wa pamba au wa ngozi ya kondoo yenye manyoya, na uwe na mifuko miwili ya kubadilishana.

Pamba ni nzuri kwa ngozi, inanyonya jasho, bei nafuu. Udhaifu wake ni kuwa ikilowa na kukauka mara nyingi bila kufuliwa inakakamaa, na nyuzi zake huoza kwenye mshono wa bizimu bila wewe kuona.

Mshipi wa kamba nyingi za pamba unapitisha hewa vizuri sana, lakini ngozi ya farasi mnene hujibana katikati ya kamba. Kwa farasi mwenye kitambi ninaukataa.

Ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa vizuri, pana, yenye kingo zilizokunjwa kwa ndani, ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi ya kila siku mradi mwenyewe hana uvivu wa kuipaka mafuta. Ile iliyochongwa nyembamba nyuma ya viwiko ni bora zaidi, maana inaacha nafasi ya kiwiko kurudi nyuma. Kwa ile ya mikunjo mitatu, ukingo wa duara ndio unaokaa mbele, upande wa viwiko, na ule uliofunguka unakaa nyuma. Ukigeuza, ukingo mkali unakata kwapa. Kosa hili naliona kila mwezi.

Mpira wa kuvutika kwenye ncha: ukiwa upande mmoja tu, mshipi huvutwa upande ule na kidari hakibanwi sawasawa. Afadhali pande zote mbili, au usiwepo kabisa. Tena mpira unadanganya mkono. Unavuta, unakubali, unavuta tena, na bila kujua umepitisha matundu mawili ya ziada.

Urefu. Tandika tandiko na kitambaa chake, chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka tundu la katikati la mkanda wa tandiko wa kushoto (ule wenye matundu unaoingia kwenye bizimu), chini ya kidari, hadi tundu la katikati upande wa kulia. Mishipi mingi huuzwa kwa inchi, kwa hatua za mbili mbili. Ukipata 49, chukua 48, kwa sababu ngozi na pamba hulegea kwa matumizi. Ukishafunga, kila upande ubaki na matundu angalau mawili juu na mawili chini ya bizimu, na pande zote zilingane. Kwa mshipi mfupi, ule ambao bizimu hukaa nje, chini ya ukingo wa ubawa wa tandiko (kipande cha ngozi kinachoning'inia ubavuni), hakikisha bizimu haigongi kiwiko. Mshipi mfupi kupita kiasi huiteremsha bizimu hadi kiwikoni, mrefu kupita kiasi huitundika juu ya mbavu. Yote mawili ni maumivu.

Jambo la usalama ambalo saisi (watunza farasi) wapya hawaambiwi: ile mikanda mitatu inayoning'inia chini ya ubawa haishikiliwi na utepe mmoja. Kwa matandiko mengi wa kwanza una utepe wake, wa pili na wa tatu wanachangia mmoja. Kwa hiyo funga wa kwanza na wa pili, au wa kwanza na wa tatu. Ukifunga wa pili na wa tatu, utepe ukikatika umeanguka na tandiko.

Kidari_Njoro

Fundi umesema vizuri. Wacha niweke hatua za kufunga, kwani mshipi wa bei ghali ukifungwa vibaya unaumiza kuliko kamba.

Weka tandiko mbele kidogo ya mahali pake, kisha lisogeze nyuma ili manyoya yalale. Usilisogeze kwenda mbele kamwe; likipita, liinue uanze upya. Inua kitambaa kiingie kwenye uwazi wa juu kisibane kinundu cha mabega.

Shusha mshipi upande wa kulia kwa mkono, usiurushe ukampiga miguu. Rudi kushoto, funga tundu la chini kabisa linaloweza kulishika tandiko. Hapo acha. Mvalishe hatamu, mwendeshe hatua ishirini.

Ongeza tundu moja kushoto, nenda ukaongeze moja kulia. Mwendeshe tena. Ongeza tena. Kila mkazo uwe mmoja, wa polepole, usio na mshtuko.

Sasa shika mguu wa mbele chini ya goti, uvute mbele taratibu kwa kimo cha goti la pili, ushikilie sekunde tatu nne, ushushe. Kazi yake ni kunyoosha ngozi iliyojikunja chini ya mshipi. Fanya miguu yote miwili. Usiuvute juu kama unapiga teke. Bega litauma na hatakuamini kesho.

Panda kwa kutumia kigogo au jiwe. Ukipandia chini, uzito wako wote unaning'inia kushoto, tandiko linavutwa, na unalazimika kukaza mshipi kupita kiasi ili lisizunguke. Baada ya dakika tano hadi kumi za kutembea, kagua tena, mara nyingi utapata nafasi ya kukaza tundu moja zaidi.

Kiasi: vidole viwili bapa viingie kati ya mshipi na ubavu kwa kusukuma kidogo. Usipimie chini katikati ya kidari pekee. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2013 uliweka vipimo vya shinikizo chini ya mshipi na kuonyesha kuwa shinikizo kubwa huwa nyuma ya viwiko. Na kwa wanaodhani kukaza zaidi ni usalama zaidi: majaribio ya Australia mwaka 1999 kwa farasi wa mashindano yalionyesha kuwa kadiri mshipi unavyokazwa, farasi anachoka mapema. Misuli ya kidari inahitaji nafasi ya kufanya kazi.

Lakini kulegea nako si dawa. Mshipi unaocheza unasugua kila hatua, na kuna michubuko ya kwapa inayotokana na mshipi uliolegea, si uliokazwa.

Daktari_Mifugo_Nax

Dada Akinyi, mabaka ya mviringo yenye magamba, yanayoanzia pale mshipi unapopita, kwanza nashuku choa, au mashilingi kama watoto wanavyoyaita. Ni fangasi wanaohama kwa mshipi, kitambaa na brashi zinazochangiwa, na mtu pia huambukizwa, kwa hiyo vaa glovu. Dalili ya kutofautisha: mchubuko hufuata mstari wa ukingo wa mshipi na huuma, choa ni duara, huenea na mara nyingi hakiumi sana. Daktari akwangue sampuli ithibitishwe. Wakati huo farasi huyo asitandikwe, vifaa vyake visitoke kwake, na visafishwe kwa dawa ya kuua fangasi. Sabuni tu haitoshi.

Kupe sasa. Naomba hili lisomwe mara mbili. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zinazouzwa kwenye agroveti zetu zina amitrazi, kemikali ya kuua kupe. Kwa ng'ombe ni sawa. Kwa farasi na punda ni hatari: utumbo hupunguza mwendo au kusimama, kinyesi kinaganda ndani, na unaweza kumpoteza kwa msokoto wa tumbo. Usimnyunyizie farasi mabaki ya pampu ya ng'ombe hata kama ni kwapani tu, na pampu iliyobeba amitrazi isitumike kwa farasi. Soma lebo, tafuta dawa ya jamii ya pareto iliyoandikwa wazi kuwa inafaa farasi. Kupe aliyeng'ata mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti huchoma ngozi ambayo kesho unataka kuifunga mshipi.

Baada ya ngozi, tumbo. Mwaka 2019 California walichapisha uchambuzi wa farasi 37 waliokuwa wanakataa mshipi. Kundi kubwa zaidi, farasi 12, walikutwa na vidonda vya tumbo. Wengine walikuwa na matatizo ya miguu na mgongo. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, awe amekula au hajala, na sehemu yake ya juu haina utando wa kujikinga. Farasi aliyefungiwa saa sita na zaidi bila nyasi, halafu akakimbizwa, asidi inarushwa juu kila hatua. Mshipi unabana karibu na hapo.

Kinga haihitaji pesa nyingi. Farasi wa kilo 450 ale kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku, zikigawanywa asipitishe saa nyingi mtupu. Nyasi za aina ya Boma Rhodes zinafaa. Nusu saa kabla ya kutandika mpe nyasi zilizokatwakatwa lita moja au mbili, ikiwezekana zenye alfalfa, maana kalsiamu yake hupunguza ukali wa asidi. Punguza nafaka na pumba nyingi kwa mkupuo mmoja. Vidonda vikishathibitishwa, matibabu ya kawaida ni omeprazoli ya farasi (dawa ya kupunguza asidi), miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, asubuhi kabla ya kula, kwa takriban siku 28, chini ya uangalizi wa daktari. Na dawa za maumivu zikitumiwa kiholela, huzidisha vidonda.

Nyawira_Molo

Huku kwetu ngozi za kondoo ni nyingi. Naweza kushona mfuko wa mshipi mwenyewe? Na mafuta ya kukamulia yale ya chuchu za ng'ombe, nimpake kabla ya kumpanda?

FundiNgozi_Ksm

Unaweza, dada. Tumia ngozi iliyotengenezwa, si iliyoanikwa juani tu, hiyo itakakamaa na kunuka. Manyoya yabaki marefu ya inchi moja hivi. Kata kipande kirefu kama mshipi ukiondoa bizimu, upana mara mbili ya mshipi na inchi mbili za ziada, ushone kwa mshono mmoja unaokaa upande wa nje, mbali na mwili. Mshono ukigeukia ndani umetengeneza kisu. Kumbuka unene wake unakula nafasi: mshipi utahitaji tundu moja zaidi kila upande. Chana manyoya kwa brashi ya waya baada ya kila matumizi, yakishikana madonge ni heri uvue.

VumbiLaGilgil

Mafuta ya kukamulia kabla ya kupanda, hapana kwa huku kwenye vumbi. Yanashika vumbi na kuliganda pale pale. Yapake jioni, kwenye ngozi safi iliyokauka na isiyo na kidonda, asubuhi yapanguse.

Daktari_Mifugo_Nax

Naungana naye. Na kwa aliyekwisha chubuka, utaratibu ni huu.

Uvimbe bila kidonda: maji baridi ya bomba dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni, siku mbili za mwanzo. Hakuna mshipi mpaka uvimbe uishe na asishtuke ukibonyeza.

Ngozi iliyofunguka: chemsha maji, yapoe, tia chumvi gramu 9 kwa lita, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu hivi. Osha mara mbili kwa siku, kausha kwa kitambaa safi kwa kugusagusa. Iodini ikitumika izimuliwe mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Krimu ya zinki kando ya kidonda husaidia kuzuia unyevu. Oili chafu ya gari, spiriti na maji ya betri havigusi kidonda. Nzi wakizidi, kidonda kinaweza kupata minyoo yao na kugoma kupona. Kikikua badala ya kupungua baada ya wiki, niite mimi au mwenzangu. Na usisahau pepopunda. Farasi huipata kwa urahisi kuliko wanyama wengi wa shambani, hata kwa kidonda kidogo, kwa hiyo chanjo iwe hai.

Mchubuko mdogo huchukua wiki moja hadi mbili, wa ndani wiki tatu hadi sita. Kipimo cha kurudi kazini: ukoko umeanguka wenyewe, ngozi imefunga, manyoya yameanza kuchipua, vidole havimshtui. Siku hizo aongozwe kwa mkono bila tandiko, misuli isilale. Akirudi, aanze dakika 15 hadi 20 za kutembea, ukague ngozi, uongeze dakika tano hadi kumi kila baada ya siku mbili tatu. Aliyepumzika miezi miwili pia ahesabiwe hivyo hivyo, ngozi yake imelainika.

Akinyi_Dunga

Ahsanteni sana, daktari na fundi. Kufua pamba, sabuni gani?

VumbiLaGilgil

Sabuni ya mche ya kawaida, maji ya vuguvugu, brashi ya nguo kwenye mishono, suuza mara tatu mpaka maji yatoke bila povu. Sabuni ya unga iliyobaki kwenye nyuzi inawasha ikikutana na jasho. Anika kivulini. Mshipi wa ngozi usiloweke: kitambaa chenye unyevu, sabuni ya gliserini, ukikauka mafuta kidogo. Msimu wa mvua ndefu ukague kila wiki, ukungu unaanzia chini ya bizimu.

Mkokoteni_Naivasha

Samahani kuingilia. Sisi wa punda tunatumia kamba ya katani au kipande cha tairi kupitisha chini ya tumbo. Ni yale yale?

Kidari_Njoro

Karibu ndugu, ni yale yale na pengine makali zaidi, kwa sababu punda anavuta siku nzima. Kamba ya katani inakata na tairi halipumui, na waya zake zikichomoza zinachana. Tafuta mkanda wa turubai au wa mkoba wa zamani, upana wa inchi tatu hadi nne, uuzungushie gunia la pamba lililokunjwa mara mbili, mshono nje. Kwenye mkokoteni mkanda huo kazi yake ni kuzuia nira (ile miti miwili ya mkokoteni inayopita ubavuni mwa punda) zisinyanyuke tu. Mzigo unavutwa kwa kifua, kwa hiyo mkanda wa tumbo ulegee kiganja kizima kiingie. Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli nira zinanyanyuka na mkanda unamkata tumbo. Sogeza magunia mbele mpaka nira zikae sawa bila kumwelemea mgongoni. Mfungue mchana akipumzika, umpanguse jasho pale, na ukague kwapa zote mbili kabla ya kumfunga tena.